Nilivyotembezwa Mji wa Mifereji

Hapa Issenye magari ya watalii hupita mbele ya nyumba ya binti yangu yakielekea mbugani. Mengine husimama. Wanapiga picha punda, wanapiga picha mitungi, na siku moja walimzunguka jirani yetu anayepepeta ulezi kama wamemzunguka bibi harusi, mpaka akawauliza kwa Kikurya kama kwao hakuna ungo. Wajukuu wangu walicheka wakagaragara chini. Wakaniuliza, "Bibi, hawa wanatafuta nini kwetu?" Nikawaambia wanaangalia tu, ndiyo kazi ya mgeni, hata mimi niliwahi kuifanya. Wakacheka zaidi. Mwanamke wa milima ya Gorong'a, aliyesoma kisomo cha watu wazima na mtoto mgongoni, awe mtalii wa wapi?

Nilikuwa. Ni miaka ile ya ujamaa, muda mfupi baada ya kuhamishwa. Nilitembezwa katika mji mmoja wa zamani huko Ulaya, mji ambao barabara zake nyingi ni maji, nikaonyeshwa kila kitu ambacho mgeni wa mji ule hatakiwi kuondoka bila kukiona. Majina yote ninayo kichwani: la mji, la sista aliyenipeleka, la daktari, la mwendesha mashua, hata la yule mzee wa makaburini. Siyaandiki. Wengine wamekufa, na wengine wana watoto ambao hawakunituma kuwasema. Na la mwanangu nabaki nalo mwenyewe.

Nilikwenda kwa ajili yake. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza wa kiume, alizaliwa na midomo ya rangi ya zambarau, na kucha hivyohivyo. Akikimbia kidogo alichuchumaa, mikono juu ya magoti, akavuta pumzi. Wenzake walimtania kwamba anakaa kama mzee wa baraza. Yeye hakukasirika. Aliwaambia, "Basi nisalimieni." Wakamwamkia shikamoo huku wanacheka, naye akawaitikia marahaba kwa sauti nzito ya uongo.

Tulipokuwa mlimani alikuwa na nafuu. Kisha wakaja mgambo asubuhi, wakasema leo ndiyo leo. Nyumba zikaezuliwa sisi wenyewe tukiwa tunaangalia, mabati ya aliyekuwa nayo yakapakiwa, nyasi za wengine zikachomwa. Tukashushwa bondeni, kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Huko nyuma tuliacha zizi, tuliacha mihogo ardhini, na tuliacha kaburi la baba mkwe wangu, ambalo lilikuwa uani, hatua chache kutoka mlangoni, mahali ambapo kila jioni mama mkwe alikuwa anamwaga maji ya kunawia akimsimulia mumewe habari za siku. Bondeni kulikuwa na vumbi, moshi, na watu wengi kuliko maji. Mwanangu akaanza kuzimia.

Kwenye zahanati ya misheni alikuwepo sista mmoja muuguzi, mnene, mwepesi wa kucheka, aliyekaa kwetu mpaka akajua kutukana ng'ombe kwa Kikurya. Ndiye aliyeweka sikio kifuani kwa mtoto akasema moyo una tundu. Akasema kwao kuna madaktari wanaolishona. Akaandikiana na watu wake muda mrefu, na siku moja akaja na majibu: wamekubali, safari ya mtoto na mama yake imelipwa, naye mwenyewe anakwenda likizo, atatupeleka.

Ukoo ukakaa. Wazee wengi waliona ni wazimu, kifua cha mtoto kupasuliwa kama cha mbuzi. Mume wangu alikuwa anachora chini kwa fimbo. Aliyeamua ni mama mkwe. Alikuwa binti wa Kijaluo kutoka upande wa ziwani, aliolewa kwetu kwa ng'ombe wengi, na hakuna mzee aliyempita kwa maneno.

"Mpeleke," akaniambia mbele yao wote. "Lakini umrudishe. Akiwa mzima umrudishe. Akiwa si mzima, umrudishe. Mtoto wa nyumba hii halali ugenini. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kisha akanifundisha baraka. Kwetu mzee akimbariki mtu humtemea mate kifuani, mate mepesi ya kupuliza, kama umande. Mama mkwe asingekuwepo, kwa hiyo akanipulizia mimi kwanza, ili niende na baraka yake mdomoni nimfikishie mtoto asubuhi ya siku ya kisu.

Safari yenyewe siisimulii. Nilitapika Sirari, nikatapika Nairobi, nikatapika mawinguni.

Tulifika wakati wa baridi. Hospitali ilikuwa na sakafu inayong'aa kama imemwagiwa mafuta, na manesi waliotembea bila kutoa sauti. Mwanangu alipewa kitanda chenye vyuma vya kupanda na kushuka, akakipenda. Alimwamuru nesi akipandishe na kukishusha mpaka yule dada akachoka. Siku ya kupasuliwa walimwosha alfajiri, wakampaka kifuani dawa ya rangi ya hudhurungi, wakamfunika shuka la kijani. Nikasogea, nikafunua shuka, nikampulizia baraka ya bibi yake kifuani.

Nesi alipiga kelele kama amemwona chatu. Mwingine akaja mbio, akanishika mabega, nikatolewa nje. Sista aliitwa. Alikuja uso umemwiva.

"Mama, umefanya nini? Umemtemea mate mtoto?"

"Nimembariki. Wewe si umekaa kwetu, hujui?"

"Mimi najua. Wao hawajui. Kwao mate ni uchafu, yana wadudu. Sasa wataanza upya kumwosha, na daktari amekasirika, anampasua mgonjwa mwingine kwanza."

"Waambie ni mate ya bibi yake."

Sista alifunika uso kwa mikono. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Mwanangu alipasuliwa siku iliyofuata. Daktari baadaye alisema kwa kinywa chake, sista akanitafsiria, kwamba mate hayakuhusika na chochote, moyo ulikuwa umeshachoka kabla hatujatoka nyumbani. Lakini baada ya siku ile mkuu wa manesi alikataa nisimguse mtoto tena mpaka kidonda kipone. Niliwekwa nyuma ya kioo. Mwanangu alilala upande wa pili, mipira imeingia puani, chupa ya damu imening'inia juu yake ikidondoka tone kwa tone, na akifungua macho alikuwa ananitafuta mahali ambapo sipo. Nilikuwa nagonga kioo. Nilikuwa naita. Manesi wakachoka nami, wakamwambia sista, "Mtembeze huyu mama. Mwonyeshe mji. Kila mgeni anataka kuuona mji wetu."

Ndivyo nilivyokuwa mtalii.

Kwanza nilipelekwa kwenye mnara wa kengele. Umesimama katikati ya mji, juu ya soko la zamani, mrefu kiasi kwamba ukiuangalia juu kofia inaanguka. Kila baada ya muda kengele zake zinapiga wimbo mzima, bila mtu wa kuzipiga, kwa mashine tu. Sista alisema hakuna mgeni anayeondoka bila kupanda juu. Yeye mwenyewe alipofika ngazi za kwanza akaketi.

"Panda wewe, mwana wa milima. Mimi mwili umenizidi."

Nilipanda ngazi za kuzunguka, nyembamba kama koo la kibuyu, nikipishana na vijana wanaohema. Juu pale kila mtu alikuwa anapiga picha mapaa mekundu na mifereji inayokatiza kati yake. Mimi nilikuwa natafuta dirisha la hospitali. Nilizunguka pande zote, mapaa yote yakawa sawa. Mzungu mmoja akanielekeza kwa kidole kanisa, akanielekeza bahari kwa mbali, akidhani hivyo ndivyo vitu ninavyovitafuta. Nikashuka bila kuliona.

Siku nyingine alinipeleka kwenye kikanisa ambacho wanatunza damu. Wanasema ni damu ya Yesu, ililetwa na askari wa zamani kutoka nchi takatifu, imekauka ndani ya kichupa. Watu walikuwa kwenye foleni, wazee kwa watoto, kila mmoja akifika anainama, anaweka mkono juu ya kioo, padri anafuta kioo kwa kitambaa, anakuja mwingine. Asubuhi ile nilikuwa nimeona damu nyingine ikiingia kwa mwanangu. Nikashika foleni. Niliomba kwa Kikurya, maana sikujua mwenye damu anasikia lugha gani, na ile ndiyo pekee ambayo ningeweza kumwomba nayo vizuri. Nilikaa sana. Padri akakohoa.

Hospitali ya kale pia ni kivutio. Ni jumba refu kama ghala, lilijengwa wakati ambao hata babu wa babu zetu hawakuwepo, wagonjwa walilala wawili wawili kitanda kimoja, watawa wakiwahudumia. Sasa hakuna wagonjwa, kuna picha za rangi, vitanda, vyuma vya kung'olea meno, na unanunua tiketi mlangoni.

"Sista, watu wanalipa kuona vitanda vya wagonjwa?"

"Wagonjwa hao walikufa zamani sana, mama."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Tulitoka haraka. Alinipeleka kuwaona wanawake wanaofuma lesi. Hiyo niliipenda, sitasema uongo. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni na mto mapajani, pini nyingi zimechomekwa, vijiti vidogo vya uzi vinarushwa huku na huku kwa vidole, haraka kuliko macho, na kitambaa kinatokea polepole kama utando wa buibui. Sista alimwambia kwamba kwetu wanawake wanashona shanga. Bibi akanishika mkono, akanigeuzia vidole, akavipima kwa macho, akasema jambo.

"Anasema una vidole vizuri ila vimekomaa kwa jembe. Anasema angekufundisha ungemaliza kitambaa kimoja cha mkono mwaka ujao."

"Mwambie mwaka ujao nitakuwa nyumbani na mwanangu."

Sista alimwambia. Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kufuma.

Tulisimama juu ya madaraja mengi. Ni ya mawe, yamepinda mgongo, na chini yake maji ni ya kijani, mazito, yananuka kidogo. Nyumba zimeingia ndani ya maji mpaka kwenye magoti, kuta zina ukungu. Ndege weupe wa shingo ndefu wanaogelea, bata lakini wenye kiburi, wanafuata mkate. Nikamuuliza sista swali ambalo lilinisumbua tangu siku ya kwanza.

"Maji haya yanakwenda wapi?"

"Hayaendi."

"Mto usiokwenda?"

"Si mto, ni mifereji, watu waliichimba. Zamani bahari ilifika hapa, meli zikaja na nguo na viungo, watu wa mji huu wakawa matajiri kuliko wafalme. Kisha mchanga ukajaa, bahari ikarudi nyuma. Meli zikaacha kuja, matajiri wakahama. Waliobaki walikuwa maskini kabisa, hawakuwa na uwezo wa kubomoa nyumba za kale wajenge mpya. Ndiyo maana zipo mpaka leo, na ndiyo maana watu wanakuja kuziona."

Nilifikiria sana maneno yale. Nilifikiria mlima wetu, nyumba zilizochomwa nyasi, zizi, mawe matatu ya jiko langu yaliyobaki pale. Nikamwambia, "Kwetu wakihama watu hakuna anayekuja kuangalia. Mchwa tu."  Sista akaninunulia andazi la sukari, nikalibeba mfukoni nikimwekea mtoto, ingawa nilijua haruhusiwi kula.

Mashua aliiacha mwisho. Alisema bila mashua hujauona mji, huo ndio ukweli wa watu wa pale. Mtoto alikuwa ameamka vizuri asubuhi ile, ameniona kupitia kioo, ameinua kidole. Nikakubali kwenda nikiwa na furaha kidogo, na hiyo furaha ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Mwendesha mashua alikuwa mtu wa mzaha. Aliponiona na kanga juu ya koti la kuazima aliinama kama mbele ya malkia.

"Anauliza kama wewe ni binti wa mfalme," sista akatafsiri.

"Mwambie mimi ni mkulima wa mihogo."

Akamwambia. Watu wote mashuani wakacheka. Mwendesha mashua akasema hata mababa zake walikuwa wachimba mifereji, kwa hiyo mchimba mihogo na mchimba mifereji ni ndugu, nikae mbele karibu naye. Tukaenda polepole kati ya nyumba. Alionyesha dirisha dogo kuliko yote mjini, daraja la kale kuliko yote, mlango unaofunguka kwenye maji ambao hapo zamani bia ilipitishwa. Kila tulipofika kwenye daraja la chini alipiga kelele, na watu wote, wazee, vijana, bwana mwenye kofia kubwa, wakainamisha vichwa mpaka magotini. Tuliinama hivyo mara nyingi. Tuliinama na kuinuka, tukicheka.

Tuliporudi gatini alikuwa amesimama sista mwingine, kijana, ameegemea baiskeli. Hakupunga mkono. Alikuwa ameishika baiskeli kwa mikono yote miwili kama inayotaka kumkimbia. Sista wangu alimwona, akaniangalia, na kabla hajasema nilishajua. Mwendesha mashua alininyooshea mkono anisaidie kushuka, bado anatabasamu, naye akajua.

Niliruhusiwa kumgusa alipokuwa amekufa. Nesi yuleyule aliyenitoa nje alinifungulia mlango. Nikampulizia tena kifuani, juu ya ile bandeji, na hakuna aliyenizuia.

Kisha yakaja ya mazishi. Nikasema, mnirudishie mtoto nimpeleke nyumbani. Sista alikwenda kila mahali alipoweza kwenda, alipiga simu, aliwaendea wakubwa wa shirika lake. Akarudi amevimba macho. Mwili hauwezi kusafiri, sanduku la bati, vibali, ndege, hakuna njia. Nikakaa chini mlangoni mwa chumba cha maiti. Nikasema siondoki. Niliagizwa nimrudishe. Waliniletea chai, waliniletea blanketi, alikuja padri, alikuja daktari mwenyewe akachuchumaa mbele yangu kama mwanangu alivyokuwa anachuchumaa, akaongea kwa sauti ya chini mambo ambayo hayakutafsiriwa yote. Mwisho nikaona hawa watu hawanifanyii ubaya. Hawana njia tu. Nikasema, "Basi nani atachimba?"

"Wapo watu wa makaburini, ndiyo kazi yao," sista akasema.

"Watu wa kuajiriwa? Kwetu mgeni hachimbi kaburi la mtu wetu. Wanachimba ndugu."

"Ndugu zako hawapo, mama."

"Mimi nipo."

Kwetu mwanamke pia hachimbi, yeye alilijua hilo sawasawa. Hakunikumbusha.

Makaburi ya mji ule yako nje ya ukuta, miti imepangwa mistari, makaburi nayo mistari. Tulimkuta mzee mmoja mwenye viatu vya mpira na sepetu mbili. Sista alipomweleza alitazama mikono yangu, akacheka kidogo, si kwa dharau, akanipa sepetu nyepesi. Tulichimba pamoja. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unakatika kama ugali. Nilipofika kiunoni nilihisi baridi miguuni. Nikaangalia. Maji yalikuwa yanatoka chini, yanapanda, ya kijani kama ya mfereji.

Nikatoka shimoni. Nikasema huyu hawekwi humu.

Mzee akaongea na sista kwa muda mrefu. Sista akasema, "Anasema hapa ndivyo ilivyo. Kaburi lolote utakalochimba mjini hapa lina maji. Baba yake yupo kwenye maji, mke wake pia. Atayachota, atatandika nyasi kavu, atamweka haraka." Mzee akachukua ndoo, akachota, akamwaga, akachota. Yakarudi. Akachota tena, jasho linamtiririka katika baridi ile. Alipoona nimesimama tu akanyoosha ndoo kwangu. Nikaipokea. Tukachota kwa zamu mpaka sanduku likashushwa, na nilisikia lilivyogusa chini.

Sista alinirudisha nyumbani, nikafika na mzigo wa nguo za mwanangu. Watu wa ukoo walikuwa wamekusanyika kwenye nyumba yetu ya mstarini, maana habari ilitangulia kupitia misheni. Hakuna aliyekuwa analia. Mama mkwe alikuwa amewakataza. Alisema hatuwezi kumlilia mtu ambaye hatujui amelala wapi. Akaniketisha katikati, nikamwamkia, akaitikia.

"Simulia," akasema. "Mahali pale pakoje. Usiache kitu."

Nikasimulia vyote: mnara, kengele, damu kwenye kichupa, lesi, madaraja, ndege weupe, mashua. Niliwatembeza mji ule kama nilivyotembezwa. Mama mkwe alikuwa ananikatiza.

"Kuna ng'ombe?"

"Wapo, nje ya mji. Weusi na weupe. Hawana nundu."

"Hawana nundu!" mzee mmoja akamwambia kijana aliyeketi kando yake. "Basi hao si ng'ombe, mura, hao ni mbwa wakubwa."

Wengine wakacheka. Mama mkwe hakucheka.

"Aliyelala kulia kwake ni nani?"

"Mwanamke mzee. Sista alinisomea jiwe lake."

"Kushoto?"

"Mwanamume. Nafasi nyingine bado ipo wazi."

"Na udongo? Ni mkavu?"

Mume wangu aliinua kichwa. Alikuwa ameambiwa na sista, alijua. Alinikazia macho nisiseme. Lakini yule mama alikuwa ameniuliza neno kwa neno kama mtu anayepapasa njia, na ningeficha hili moja angelijua tu.

"Una maji, mama. Maji yanapanda shimoni."

Watu wakaanza kusogeza miguu. Kisha mama mkwe akasema kwao Wajaluo mtu akifa mbali na mwili usipatikane, wanazika yago, tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, wanalizika mahali pake na watu wanalia. Tutamzikia yago, kwenye boma lake, kando ya babu yake. Si hapa kwenye mistari.

"Hiyo ni mila ya Kijaluo," mzee akasema. "Sisi Wakurya hatuzikani na matunda."

"Na mgongo uliombeba mtoto huyo ni wa Kijaluo. Ulimbeba wewe?"



Tulikwenda kumwomba ruhusa mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa wa juu yake. Alisema mahameni hakuna kurudi, ni amri. "Leo mnazika tunda, kesho mnajenga kibanda cha kulilinda, keshokutwa mko wote huko." Akasema kama ni kuni, wanawake wanaweza kupanda mlimani kuokota kuni asubuhi na kurudi, mgambo atawaona wakienda na atawaona wakirudi.

Basi tukaenda kuokota kuni, mimi na yeye tu. Mume wangu alitafuta tunda mtoni, akatuletea. Lilikuwa urefu wa mkono, zito, na hapakuwa na namna ya kulibeba lisionekane. Nikalifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, kichwa kimefunikwa. Njia panda alisimama mgambo kijana, mgeni, ameletwa kutoka vijiji vya Kemambo, hatujui, nasi hatumjui. Alitukagua mapanga na jembe. Akanitazama mgongoni.

"Mama, mfunike vizuri mtoto, upepo wa huko juu ni mkali."

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe akajibu.

Mahame yetu yalikuwa yameota magugu mpaka kifuani. Tulilipata kaburi la mzee kwa mawe yake. Tukachimba kwa zamu. Ardhi ilikuwa ngumu, nyekundu, jembe linaruka, vumbi linaingia puani. Mama mkwe ndiye aliyenifungua kanga mgongoni. Alilipokea tunda kwa mikono miwili, akalipulizia, akalilaza. Akamwambia mumewe kwa Kijaluo kwamba mjukuu wake amekuja, ni mgonjwa wa moyo, asimkimbize. Tukafukia. Akasema, "Sasa unaweza kulia," lakini hatukulia pale, maana jua lilikuwa linapanda na tulikuwa bado hatujaokota hata kijiti.

Tukaokota kuni, nyingi, ili zionekane. Tukajitwika. Kwenye njia panda mgambo alinizunguka, akaangalia mgongo wangu mtupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Tumemwacha kwa babu yake," mama mkwe akasema.

Kijana akatutazama mmoja baada ya mwingine. Alijua hakuna mtu anayeishi mlimani. Akasogea pembeni tupite.

Tulipoanza kuteremka ndipo mama mkwe alipolia. Alikuwa mbele yangu, analia kwa sauti, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kuni kichwani, hakuweza kujifuta. Mimi pia.